Gemu la kuishi porini: kijana anatafuta nini humo?

Usiku mmoja wa mwezi wa Disemba dada yangu alinipigia simu, sauti yake ya chini chini kama mtu asiyetaka kusikiwa na wa chumba cha pili. "Njoo umtazame mwanao," aliniambia. Mwana mwenyewe ni mpwa wangu, ana miaka 18, amemaliza mitihani ya kidato cha nne Novemba na sasa anasubiri matokeo. Mashitaka yalikuwa mengi: chumbani hatoki, halali mpaka saa nane za usiku, Alfajiri imempita mara tatu ndani ya wiki moja. Lakini lililomuudhi mama mtu zaidi ni jengine. Alichungulia kwenye kompyuta yake akamkuta ndani ya gemu anaokota kuni, anachota theluji, anachemsha maji na kufua mbavu za kipande cha nyama. "Hapa nyumbani ndoo ya maji naibeba mimi," alisema, "na yeye anahangaika na maji ya watu wa barafuni."

Nilikwenda nikiwa na nia ya kuichukua laptopu nikae nayo kwangu mpaka matokeo yatoke. Badala yake nilikaa na kijana siku tatu mfululizo baada ya Isha, nikamwambia anioneshe. Nimeona bora niandike nilichokikuta, kwa sababu najua nyumba nyingi hapa visiwani zina mzozo kama huo, na wazazi wengi huhukumu kwa kuchungulia mlangoni kama alivyofanya dada yangu.

Gemu lenyewe linaitwa The Long Dark. Limetengenezwa na kampuni ya Hinterland ya Canada, iliyopo British Columbia. Lilianza kuuzwa likiwa halijakamilika mwaka 2014, na toleo kamili likatoka mwaka 2017. Kisiwa kinachochezewa, Great Bear, hakipo duniani; wamekibuni kwa mfano wa nchi ya kaskazini ya Canada wakati wa baridi kali. Taa za rangi zimetokea angani, umeme wote ukazimika, watu wakahama au wakafa, na wewe mchezaji umebaki peke yako ndani ya theluji. Kuna sehemu yenye hadithi, ya rubani na daktari waliopotezana baada ya ndege yao kuanguka. Mpwa wangu hachezi hiyo. Yeye anacheza sehemu ya pili, ile ya kuishi tu, ambayo haina hadithi, haina adui wa kushindwa, wala haina mwisho isipokuwa mauti. Na kwa kawaida ukifa umekufa: kumbukumbu ya safari yako hufutwa, unaanza siku ya kwanza upya.

Mtu wa kwenye gemu ana mambo manne ya kuyaangalia, nayo ni joto, uchovu, njaa na kiu. Likipuuzwa moja, afya yake huanza kushuka. Mzigo wa kawaida anaoweza kubeba ni kilo 30, na kila kitu kina uzito wake, hata kuni. Maji hupatikana kwa kuyeyusha theluji juu ya moto kisha kuyachemsha. Akiyanywa bila kuchemsha anaweza kuendesha tumbo. Nguo huchakaa, shoka na kisu huchakaa, nyama huoza. Nje kuna mbwa mwitu wa nchi za baridi na dubu, na kuna dhoruba ya theluji inayoweza kuteremka ghafla ukashindwa kuuona mkono wako.

Swali langu la kwanza lilikuwa la mtu mzima: kwa hiyo lengo ni nini? Akacheka. "Lengo hakuna, mjomba. Unalitia mwenyewe."

Hapo ndipo penye kiini cha gemu hili, na ndipo nilipolielewa. Siku za mwanzo mchezaji hana haja ya kujiuliza anaishi kwa ajili ya nini, kwa sababu kila saa anakimbizwa na baridi na njaa. Anaingia nyumba zilizoachwa, anafungua makabati, anakuta kopo la maharage, sweta, kiberiti chenye vijiti vichache. Lakini akifika siku ya 40 au 50, ikiwa ana akili, nyumba anayo, nyama imejaa nje kwenye theluji, maji yako kwenye chupa, kuni zimerundikwa. Wengi huacha gemu hapo. Hawakufa wala hawakushindwa, ila hawaoni tena kwa nini waamke kesho yake. Mpwa wangu naye alipitia hali hiyo. Safari yake ya kwanza aliiacha akiwa mzima wa afya, ana chakula cha wiki tatu, kwa sababu, kama alivyoniambia, "nilikuwa nalala tu na kula".

Safari hii amejipangia. Makazi yake ni jengo la mbao lililo kando ya ziwa linaloitwa Mystery Lake. Asubuhi ya gemu ikifika, kitu cha kwanza ni kutoka mlangoni kuitazama hali ya hewa. Ikiwa shwari, anazungukia mitego yake ya sungura, aliyoitengeneza kwa utumbo uliokaushwa na vipande vya mbao. Halafu hutazama juu: kunguru wakizunguka mahali pamoja, pale pana mzoga, na penye mzoga kuna manyoya ya kunguru ya kutilia kwenye mishale. Upepo ukichafuka, huingia kwenye vibanda vidogo vilivyojengwa juu ya barafu ya ziwa, anatoboa tundu, anateremsha mshipi na ndoana, anangoja. Samaki akimpika hupata pia mafuta kidogo ya taa yake. Jioni anatia viraka nguo, na kabla ya kulala anasoma kitabu kimoja katika vile vya ufundi vinavyookotwa humo, cha kupika, cha kushona au cha kuwasha moto, ili mtu wake azidi ujuzi.

Kinachomfunga zaidi ni vitu vinavyotaka subira. Utumbo wa mnyama hulazwa sakafuni siku kama 5 mpaka ukauke ndipo ufae kushonea. Ngozi ya dubu inapita siku 10. Miti ya upinde nayo hukaushwa ndani kabla ya kuchongwa. Kwa hiyo leo anaweka kitu ambacho hatakitumia mpaka wiki ijayo, na katikati hapo analazimika kuishi vizuri ili aifikie hiyo wiki ijayo. Usiku wa pili niliokaa naye, ngozi ya dubu ilikuwa imebakisha siku mbili iwe tayari kwa kutengenezea tandiko la kulalia, na nilijikuta mimi mwenyewe naulizia habari zake. Nasema ukweli, sikutarajia.

Baba yangu, babu yake kijana, alikuwapo usiku huo. Ni mzee wa zaidi ya miaka 80 na ujanani alikuwa mvuvi wa kwenda dago, yaani kule kuhama na chombo na wenzako mkapiga kambi kwenye kisiwa au ufuo wa mbali kwa wiki nyingi mkifuata samaki. Alikaa kimya akitazama zile picha, kisha akauliza: "Kuni zake anaziweka upande wa upepo?" Kijana akamueleza kuwa humo upepo unaangaliwa kweli, moto ukiuwasha sehemu ya wazi unazimwa. Mzee akaanza. Dago, alisema, siku ya kwanza hamvui. Mnatafuta maji, mnajenga kipenu, mnakusanya kuni. Siku ambazo bahari haitoki ndizo za kushona nyavu, kuziba chombo, na kugeuza ng'onda juani. Asiyejua la kufanya siku ya upepo, huyo ndiye anayeanza kugombana na wenzake na kutaka kurudi kwao. Walizungumza mpaka karibu saa tano. Sijapata kumuona kijana huyo akimuuliza babu yake maswali mengi kiasi hicho.

Katika upande wa gemu hilo wenye pwani kuna jambo moja lililomfurahisha mzee kuliko yote: dhoruba ikipita, bahari hutupa vitu ufukweni, na mchezaji hutembea asubuhi kuokota. Mzee alisema hilo aliyelitunga lazima amewahi kukaa pwani.

Nikarudi kwenye swali la kwa nini mambo hayo ya kuchosha yanapendeza. Mwaka 2006 mtaalamu wa saikolojia Richard Ryan na wenzake Scott Rigby na Andrew Przybylski walichapisha utafiti kuhusu kinachowavuta watu kwenye magemu. Walichokikuta, kwa ufupi, ni kwamba mtu huvutwa pale anapojihisi ana hiari ya kuamua, anapojihisi anaweza kitu na anazidi kukiweza, na, kwa yale magemu ya kucheza wengi, anapojihisi yuko pamoja na wenzake. Mtazame sasa kijana aliyemaliza kidato cha nne. Miaka 11 aliamshwa, akapangiwa vipindi, akapewa kazi za nyumbani. Ghafla hana pa kwenda. Matokeo hayako mikononi mwake, kazi hana, na nyumbani hakuna aliyempa jambo la maana la kusimamia. Hutumwa dukani tu kama mtoto wa miaka 9. Kwenye Great Bear akikata kuni 10 anaziona 10, na usiku ule hafi kwa baridi kwa sababu yake mwenyewe. Mimi simlaumu kwa kupenda hilo. Nilimlaumu kwa Alfajiri.

Na gemu lenyewe lina jambo la kushangaza hapa. Katika ngazi zake ngumu, mchezaji anayejifungia ndani siku nyingi hupatwa na maradhi ya kuchoshwa na kuta. Hawezi tena kulala ndani ya nyumba mpaka atoke akae nje muda wa kutosha. Nilipoambiwa hilo nilimtazama mpwa wangu, yeye akatazama pembeni, na mama yake aliyekuwa mlangoni akaguna.

Sasa niyaseme yale ambayo wazazi huyauliza kwa upande wa dini yetu. Hapa sitoi fatwa. Naeleza gemu lilivyo ili anayekwenda kumuuliza sheikh wake amuulize kwa ujuzi.

Kamari sikuiona. Gemu hununuliwa mara moja, na kuna nyongeza ya kulipia kwa anayetaka, lakini hakuna visanduku vya bahati nasibu vya kulipia pesa bila ya kujua utapata nini, kama vilivyojaa kwenye magemu mengi ya simu. Hilo la simu ndilo ningewaomba wazazi walihofie zaidi. Tatizo jengine ni nakala za bure zinazozunguka kwenye flashi mitaani. Hizo ni kazi ya watu iliyochukuliwa bila ridhaa yao, na mzazi asizifumbie macho kwa kuwa eti ni mchezo tu. Ya mpwa wangu ilikuwa hivyo. Tumeifuta, akanunua ya halali kwa pesa zake za Idi zilizobakia, akaanza siku ya kwanza tena kwa manung'uniko.

Muziki upo kidogo, na kwenye mipangilio unaweza kuzimwa peke yake, ikabaki sauti ya upepo na ya viatu kwenye theluji. Anacheza peke yake, hakuna watu asiowajua wa kuzungumza naye. Lakini kuna maiti zilizogandishwa na baridi humo, kuna kushambuliwa na wanyama na damu, na ile sehemu ya hadithi ina maneno machafu. Kwa hiyo si gemu la watoto wadogo. Ipo ngazi nyepesi kabisa ambayo wanyama hawamshambulii mchezaji, na kijana mwenye moyo laini ataona inamtosha. Hata hivyo maiti bado zipo.

Kwenye nyama lilizuka jambo ambalo sikulifikiria. Humo huliwa kulungu, sungura na samaki, na huliwa pia mbwa mwitu na dubu. Sote tunajua kuwa mnyama mbuai anayewinda kwa chonge haliwi, na dubu katika madhehebu yetu ya Shafi ni hivyo hivyo. Bila shaka picha haina hukumu ya kuliwa, hakuna kinachoingia tumboni. Lakini kijana alikuwa amejiwekea sharti mwenyewe, kabla mimi sijafika: mtu wake hatakula mbwa mwitu wala dubu isipokuwa akifikia dharura kweli, pale ambapo la sivyo atakufa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema kwanza, kwenye gemu nyama hizo zinaweza kumtia mlaji minyoo. Pili, sharti hilo linamlazimisha kuvua na kutega hata siku ambayo mzoga wa dubu upo mlangoni, na bila ya sharti angekuwa ameshachoka na gemu zamani. Wachezaji wengi wa magemu ya namna hii hufanya hivyo. Wapo wanaojizuia kutumia bunduki, wapo wanaohama nyumba kila baada ya siku kadhaa, wapo wanaoichora ramani ya kisiwa kizima kwa makaa mpaka isibaki sehemu tupu. Mtu hujifungia mlango mmoja kusudi apate pa kupita.

Basi likabaki la wakati, nalo ndilo lililoniita pale. Siku moja ya Great Bear, ikiendeshwa kwa mwendo wake wa kawaida, ni saa mbili za saa zetu. Mtu wa gemu anapolala usiku, saa huenda mbio, na gemu hujihifadhi lenyewe. Hujihifadhi pia anapoingia ndani ya nyumba. Hakuna mwenzako anayekungoja upande wa pili, hakuna mashindano yanayoendelea ukiondoka. Unaweza kulisimamisha muda wowote. Kwa hiyo ule usemi wa "ngoja nimalize kwanza" wakati muadhini ameshaadhini, kwenye gemu hili hauna msingi kabisa, nami nilimwambia hivyo waziwazi na hakunibishia.

Mapatano tuliyofikia, mbele ya mama yake na babu yake, ni mepesi. Siku moja ya gemu kwa siku moja ya duniani, inaanza baada ya Isha. Mtu wa kwenye gemu akilala, naye analala. Laptopu inalala kwenye chumba cha babu, si kwake, mpaka jioni ya pili. Alfajiri ikimpita kwa uzembe, siku hiyo hakuna gemu. Hayo ni ya upande wake. Upande wa mama yake nao ulikuwa na deni: kijana apewe jambo la nyumba lililo lake kamili, asitumwetumwe. Dada yangu alisitasita, maana kuna furaha fulani ya kulalamika huku unafanya kila kitu mwenyewe, kisha akamkabidhi tangi la maji. Mota, koki, siku za maji kutoka na siku yasipotoka, na akiba ya ndoo za jikoni na za udhu, vyote vyake; na pesa ya fundi mkononi mwake.

Wiki ya kwanza maji yaliisha siku ya Ijumaa asubuhi, watu wanataka kukoga kwenda msikitini. Hakuna aliyemuokoa. Wiki ya pili nilikuta ameandika ukutani, kwa makaa, kiasi cha maji kilichomo tangini na siku yanayotarajiwa kutoka. Mama yake aligomba kwa ukuta wake.

Nisifanye hili lionekane kuwa kila kijana atatengenea kwa mazungumzo ya siku tatu. Shirika la Afya Duniani limeuingiza ugonjwa wa kutawaliwa na magemu katika orodha yake ya maradhi, iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kulitanguliza gemu mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea hata madhara yanapodhihiri kwenye masomo, familia au afya, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 hivi. Mtoto aliyefika hapo anahitaji daktari, na kumnyang'anya laptopu pekee hakutamponya. Mwenye dalili za wiki tatu akiwa likizoni ni mwengine. Ili kuwatofautisha hawa wawili kuna jambo ambalo mzazi hawezi kulipata kwa kuchungulia mlangoni: kaa naye, muulize leo anafanya nini humo. Kijana wa pili atakueleza habari za ngozi yake ya dubu mpaka uchoke. Wa kwanza mara nyingi hatakuwa na la kueleza; anacheza lakini halifurahii tena.

Ukikaa naye, jifunze majina ya vitu. Usianze na "upuuzi gani huu". Muulize amepangia nini kesho, na kama jibu ni "kulala na kula tu", basi jua gemu lenyewe linamuishia na huu ndio wakati mzuri wa kumpa jengine la kufanya.

Matokeo ya kidato cha nne hayajatoka ninapoandika haya. Mpwa wangu yuko siku ya 61 ya safari yake mpya, na juzi alinipigia simu kunambia kuwa babu amemuahidi kumpeleka kwa jamaa zake wa Kojani, kaskazi ikitulia, wakaone kama kuna chombo kinachokwenda dago na kitakubali kumbeba kijana asiyejua kuvua. Anataka kujua aende na viatu gani.